Betri pekee haizuii misukosuko ya umeme: Namna ya kulinda vifaa vya kielektroniki Tunduma

UMEME unapokatika mjini Tunduma, duka la vipuri au la vifaa vya ujenzi halisimamishi biashara. Mashine ya risiti za kielektroniki, ile inayofahamika zaidi kwa jina la EFD, huendelea kufanya kazi kwa sababu ndani yake mna betri. Saa yake haisimami, kumbukumbu yake haifutiki na risiti hutoka kama kawaida. Kwa mwenye duka huo ni ushahidi tosha kwamba kifaa chake kiko salama, umeme uwepo au usiwepo.

Imani hiyo ni ya kweli kwa nusu tu. Betri humwokoa mwenye kifaa umeme unapokosekana, lakini haimkingi dhidi ya misukosuko ya umeme, yaani kupanda au kushuka kwa volti kwa muda mfupi mno, pengine chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Misukosuko hiyo ndiyo inayounguza chipu, inayovuruga tarehe na saa, na inayokifanya kifaa kizime na kuwaka chenyewe katikati ya kazi huku betri ikiwa imejaa.

Kwa mji kama Tunduma jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, na baadaye matumizi yake yakapanuliwa kwa wafanyabiashara wengine. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti kwa kila mauzo. Mashine iliyopoteza tarehe, au iliyokwama risiti ikiwa nusu, humlazimu mwenyewe kujieleza mbele ya ofisa wa kodi, hata kama hakukusudia kukwepa senti moja.

Tunduma, iliyo katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, ni lango kuu la nchi kavu kati ya Tanzania na Zambia. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapo, na kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Malori yanayokwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanga foleni yakiwa na vifaa vya kufuatilia safari vinavyotegemea betri ya gari na betri ndogo ya akiba. Katika nyumba na maduka kuna mifumo ya umeme wa jua, kamera za ulinzi, mizani ya kielektroniki na ruta za intaneti. Vyote hivyo ni saketi zenye betri ya akiba, na vyote vinashambuliwa na adui mmoja.

Uzalishaji wa umeme nchini umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Aidha, mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia kwa njia ya kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Hata hivyo, wingi wa umeme ni jambo moja na utulivu wake ni jambo jingine. Radi inayopiga karibu na nguzo ya mtaani, au mashine ya kuchomelea inayowashwa katika karakana ya jirani, haiulizi gridi ina megawati ngapi.

Miruko na mididimio

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na volti hiyo hupanda na kushuka kwa mawimbi 50 kila sekunde. Kilele cha kila wimbi hufikia takriban volti 325. Kifaa kilichoundwa vizuri kinakijua kilele hicho na kukistahimili. Tatizo huanza pale kitu cha nje kinapoongeza juu yake msukumo mwingine wa ghafla. Katika makala haya msukumo huo tutauita mruko. Volti inaposhuka ghafla kisha ikarudi, tutaliita tukio hilo mdidimio.

Mruko mmoja unaweza kufika mamia au maelfu ya volti na kumalizika ndani ya mikrosekunde chache. Taa ya kawaida haiuoni, lakini chipu iliyotengenezwa kwa volti 3.3 au 5 huuona na huweza kufa kwa mara moja. Mdidimio nao hauunguzi kitu. Hasara yake ni kukichanganya kifaa: sehemu moja inazimika, nyingine inaendelea, na taarifa iliyokuwa ikiandikwa kwenye kumbukumbu inabaki nusu.

Vyanzo vya misukosuko hiyo ni vinne. Cha kwanza ni radi, hasa katika majira ya mvua ya nyanda za juu kusini, kati ya Novemba na Aprili. Si lazima radi ipige nyumba. Ikipiga karibu, uga wake wa sumaku huzalisha volti katika kila waya mrefu ulio wazi, ukiwamo waya wa antena na ule unaoshuka kutoka kwenye paneli ya jua juu ya paa. Cha pili ni kurejea kwa umeme baada ya kukatika, wakati friji, mota na transfoma zote mtaani zinaanza kuvuta mkondo kwa pamoja. Cha tatu ni mashine zenye koili, kama mota za kusaga nafaka na mashine za kuchomelea, ambazo hutoa mruko kila zinapozimwa. Cha nne kimo ndani ya kifaa chenyewe, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Kwa nini betri haitoshi

Wengi huichukulia betri kama tangi la maji linalomeza kila wimbi. Katika mabadiliko ya taratibu mfano huo ni sahihi, lakini katika mabadiliko ya haraka betri ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni ukinzani wake wa ndani. Kila betri, pamoja na vishikizo na waya zake, ina ukinzani fulani, na ukinzani huo huongezeka kadiri betri inavyozeeka au vichwa vyake vinavyopata kutu. Mkondo mkubwa ukivutwa ghafla, sehemu ya volti hupotea humo humo.

Mpaka wa pili ni waya. Waya wa urefu wa meta moja una tabia ya koili ya takriban mikrohenri moja. Kiasi hicho ni kidogo, lakini mkondo ukibadilika kwa ampea 20 ndani ya mikrosekunde moja, waya huo huzalisha volti 20 kati ya ncha zake. Maana yake ni kwamba kifaa kilicho meta moja tu kutoka kwenye betri ya volti 12 kinaweza kupokea volti 32 kwa kitambo, ilhali mita iliyowekwa kwenye vichwa vya betri inaonyesha 12 bila kutikisika. Betri iko mahali pake, lakini kwa mruko wa kasi hiyo ni kama iko mtaa wa pili.

Kuna pia suala la makabidhiano. Katika vifaa vingi umeme wa gridi ndio unaoendesha saketi, na betri huingia pale tu gridi inapoondoka. Kama makabidhiano hayo yanafanywa na relei, huwa kuna pengo la milisekunde kadhaa ambapo hakuna upande unaotoa umeme. Ikiwa saketi inatumia mkondo wa ampea 0.1 na pengo ni milisekunde 10, mtu akitaka volti isishuke kwa zaidi ya nusu volti, anahitaji kapasita ya mikrofaradi 2,000. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha mkondo kwa muda wa pengo, kisha gawanya kwa mdidimio unaoruhusiwa.

Njia bora zaidi ni kuacha relei na kutumia dayodi mbili, moja ikitoka upande wa gridi na nyingine upande wa betri, zote zikielekea kwenye saketi. Upande wenye volti ya juu ndio unaotoa mkondo, na makabidhiano hayana pengo. Gharama yake ni volti inayopotea ndani ya dayodi: takriban 0.7 kwa dayodi ya kawaida ya silikoni, na takriban 0.3 kwa dayodi ya Schottky. Kwa betri ndogo ya volti 3.7, tofauti hiyo ni kubwa, hivyo dayodi ya Schottky ndiyo inayofaa.

Adui aliye ndani ya mashine

Mashine ya EFD ni mfano mzuri wa kifaa kinachojisumbua chenyewe. Ndani yake mna printa ya joto, ambayo huvuta mkondo mkubwa kila mstari wa maandishi unapochapwa, na modemu ya simu inayopeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Modemu ya GSM haivuti mkondo kwa utulivu. Hutuma kwa mapigo, kila pigo likidumu mikrosekunde 577 na kurudiwa kila baada ya milisekunde 4.6 hivi. Katika pigo hilo mkondo unaweza kufika ampea 2, hasa pale mtandao unapokuwa dhaifu na modemu inapolazimika kupaza sauti ili mnara umsikie. Sasa chukua betri ya lithiamu ya seli moja, volti 3.7, ambayo pamoja na vishikizo vyake ina ukinzani wa omu 0.2. Mkondo wa ampea 2 hupoteza volti 0.4, na modemu hubaki na volti 3.3. Modemu nyingi za aina hiyo zinahitaji volti 3.4 au zaidi. Matokeo yake hujizima, huwaka tena, hujaribu kutuma, na hujizima tena.

Kwa macho ya mtumiaji, alama ya betri inaonyesha imejaa nusu na mashine haitumi taarifa. Ni rahisi kudhani kwamba laini ya simu ni mbovu au kwamba modemu imeungua. Kumbe tiba yaweza kuwa kusafisha vishikizo vya betri, kubadili betri iliyochoka, au kuongeza kapasita karibu na modemu.

Kapasita hiyo iwe ya ukubwa gani? Pigo moja la ampea 2 kwa mikrosekunde 577 linahitaji chaji ambayo, kama kapasita ingeitoa yote peke yake na volti ishuke kwa 0.3 tu, ingehitaji takriban mikrofaradi 3,850. Kwa kuwa betri nayo huchangia, kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi mara nyingi hutosheleza. Hata hivyo ukubwa pekee si hoja. Kapasita nayo ina ukinzani wake wa ndani. Ikiwa na omu 0.1, ampea 2 zitapoteza volti 0.2 kabla hata chaji haijaanza kupungua. Kwa hiyo inatakiwa kapasita yenye ukinzani mdogo, iwekwe karibu kabisa na modemu.

Ni muhimu kukumbusha hapa kwamba mashine ya EFD hufungwa kwa lakiri, na anayestahili kuifungua ni fundi wa wakala aliyeidhinishwa. Maelezo haya yamsaidie mwenye mashine kueleza tatizo lake ipasavyo na kuelewa anachoambiwa. Yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kushika bisibisi.

Saa na kumbukumbu

Vifaa vingi vina saa ya ndani inayoendeshwa na jiwe la hezi 32,768 na betri ndogo ya mviringo ya volti 3. Betri ya aina ya CR2032 ina uwezo wa takriban miliampea-saa 225. Saa inayotumia mikroampea moja tu ingeweza, kwa hesabu ya karatasini, kutembea zaidi ya miaka 20. Betri hiyo inapokufa ndani ya mwaka mmoja au miwili, au saa inaporudi mwaka 2000 kila umeme unapokatika, mara nyingi kosa liko kwenye misukosuko ya umeme au kwenye uunganishaji.

Sababu yake ni hii. Chipu nyingi hazivumilii volti iliyo chini ya sifuri kwa zaidi ya volti 0.3. Mruko hasi unapoingia, njia zisizokusudiwa ndani ya chipu hufunguka na kupitisha mkondo. Betri hunyonywa na yaliyoandikwa huharibika. Dayodi ya Schottky iliyowekwa kinyume kati ya laini ya umeme na ethi ya saketi huumeza mruko huo kabla haujafika kwenye chipu.

Hatari ya pili ni uandishi wa nusu. Umeme unaposhuka taratibu, mikrokontrola hufika mahali ambapo haina nguvu ya kufanya hesabu sahihi lakini bado ina nguvu ya kuandika. Huandika upuuzi, tena mahali pasipostahili. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka mlinzi wa volti, saketi ndogo inayoilazimisha mikrokontrola kusimama mara volti inapopungua kupita kiwango. Chipu ya saa aina ya DS1307, kwa mfano, hukatiza mawasiliano mara volti kuu inaposhuka chini ya mara 1.25 ya volti ya betri yake. Kwa betri ya volti 3, kizingiti hicho ni volti 3.75. Chini ya hapo saa huendelea kutembea, lakini hakuna anayeruhusiwa kuiandikia.

Fundi anayeunda saketi yake mwenyewe asiache sehemu hii. Mikrokontrola nyingi za siku hizi zina mlinzi huyo ndani yake, ila lazima awashwe kwenye mpangilio wa programu.

Malori na paneli za jua

Katika foleni ya malori hatari ni kubwa zaidi. Malori mengi hutumia mfumo wa volti 24. Alteneta inapochaji, betri ndiyo inayoituliza. Iwapo kichwa cha betri kimelegea na kuachia wakati injini inanguruma, alteneta haiwezi kupunguza nguvu zake papo hapo, na volti yote huelekea kwenye vifaa vilivyobaki. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 huwataka watengenezaji wapime vifaa vya magari ya volti 24 kwa mruko wa kati ya volti 151 na 202, unaodumu milisekunde 100 hadi 350, pale ambapo alteneta haina kinga yake. Kwa magari ya volti 12 kipimo ni volti 79 hadi 101.

Mruko huo ni mrefu mara elfu nyingi kuliko ule wa radi, hivyo una nishati kubwa. Kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa kwa kidhibiti volti cha bei nafuu kama LM2596, ambacho mwisho wake ni volti 40, hakiwezi kupona. Hata dayodi ya kinga ya volti 33, inayotumika sana kwa mifumo ya volti 24, huuruhusu mruko kufika takriban volti 53 kabla ya kuuzuia kabisa. Kwa hiyo kidhibiti kilicho nyuma yake lazima kiwe cha volti 60 au zaidi. Kuchagua dayodi bila kuangalia kidhibiti ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mifumo ya umeme wa jua ina mkasa unaofanana na huo. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au 22 ikiwa haina mzigo. Mtu akiitoa betri huku paneli bado imeunganishwa, kidhibiti chaji kinaweza kuipeleka volti hiyo moja kwa moja kwenye taa, redio na simu. Kanuni ni moja na ikaririwe: wakati wa kufunga, betri huunganishwa kwanza, wakati wa kufungua, betri huondolewa mwisho.

Ngazi za ulinzi

Hakuna kifaa kimoja kinachozuia kila aina ya msukosuko. Ulinzi hupangwa kwa ngazi, kila ngazi ikipunguza sehemu yake.

Ngazi ya kwanza ni ethi. Bila ethi nzuri, vizuizi vya radi havina pa kuupeleka mkondo. Waya za ethi za umeme, antena na fremu ya paneli ziunganishwe pamoja, kwani zikitengana, radi huzalisha tofauti ya volti kati yake na kifaa kinachounganisha mbili kati ya hizo ndicho kinachoumia. Waya chanya na hasi za paneli zipite pamoja zikiwa zimesokotwa, ili kupunguza eneo linalonasa uga wa radi.

Ngazi ya pili ni varista, kifaa cha mviringo kinachowekwa kati ya laini na nyutro. Katika hali ya kawaida hakipitishi kitu. Volti ikipanda mno hufunguka na kuumeza mruko. Varista ya volti 275 hutumika sana kwa umeme wa volti 230, lakini mahali ambapo volti hupanda mara kwa mara ni busara kuchagua ya volti 300 au 320. Varista huchoka kwa kila mruko inaoumeza na mwishowe inaweza kushika moto. Kwa sababu hiyo fyuzi itangulie mbele yake daima. Ifahamike pia kwamba varista ya volti 275 huacha takriban volti 700 zipite. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mruko wa maelfu ya volti, lakini chipu bado haijaokoka.

Ngazi ya tatu ni koili au rezista ndogo inayofuata baada ya varista. Kazi yake ni kuuchelewesha mkondo, ili varista ibebe mzigo mkubwa na ngazi inayofuata ibebe uliobaki. Bila kizuizi hicho, kifaa dhaifu cha ndani huanza kufanya kazi kabla ya kile chenye nguvu na kuungua.

Ngazi ya nne ni dayodi ya kuzuia miruko, ambayo huitika kwa kasi kuliko varista na huibana volti karibu zaidi na kiwango kinachotakiwa. Huwekwa upande wa volti ndogo, baada ya chaja na kabla ya saketi.

Ngazi ya tano ni kapasita. Kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe karibu na miguu ya umeme ya kila chipu, na nyingine kubwa ya mikrofaradi 100 au zaidi kwenye lango la bodi. Ile ndogo humeza miruko ya kasi, ile kubwa huziba mididimio mirefu. Kwa sehemu inayotumia mkondo mdogo sana, kama kihisio cha mizani, rezista ya omu 100 ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 100 hupitisha umeme mtulivu na kuzuia sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyo juu ya hezi 16.

Mwisho, kila relei au sumaku inayoendeshwa na saketi iwekewe dayodi kinyume kwenye koili yake. Dayodi ya bei ndogo kama 1N4007 hutosha, na kukosekana kwake kumeua transista nyingi.

Namna ya kuchunguza

Multimita ya kawaida haiwezi kuonyesha misukosuko hii. Husoma mara chache tu kwa sekunde na kutoa wastani, hivyo pigo la mikrosekunde 577 hupita bila kuonekana. Chombo stahiki ni osiloskopu, na siku hizi zipo ndogo za mkononi ambazo karakana ya kawaida inaweza kumudu.

Asiye na osiloskopu anaweza kuanza kwa dalili. Kifaa kinachozima wakati wa kuchapa au kutuma taarifa kina tatizo la mididimio ya ndani; kaguliwe betri, vishikizo na kapasita. Kinachopoteza saa umeme unapokatika kina tatizo la makabidhiano au betri ndogo. Kinachokufa baada ya radi au umeme kurejea kiliingiliwa na mruko kutoka nje, na kukitengeneza bila kuongeza kinga ni kukiandaa kife tena.

Kapasita zichunguzwe kwanza katika vifaa vya zamani. Kapasita za maji huzeeka kwa joto. Kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Iliyovimba kichwani haina mjadala, ila hata isiyovimba inaweza kuwa imekauka.

Kwa mwenye duka asiye fundi, hatua zilizo ndani ya uwezo wake ni nne: kuhakikisha jengo lina ethi inayofanya kazi, kutumia kizuizi cha umeme chenye fyuzi, kuchomoa waya wa umeme na wa antena pindi ngurumo zinapoanza, na baada ya umeme kurejea kusubiri dakika chache kabla ya kuchomeka kifaa tena. Betri ya akiba ndiyo inayompa nafasi ya kufanya hivyo, kwani kifaa chake kinaweza kuendelea na kazi kikiwa kimechomolewa.

Kwa anayenunua kifaa kipya, maswali ya kumuuliza muuzaji yapo. Je, kimepimwa kwa viwango vya IEC 61000-4-5 kuhusu miruko mikubwa, 61000-4-4 kuhusu miruko ya mfululizo, na 61000-4-11 kuhusu mididimio? Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi yoyote anauza bahati nasibu. Anayeona kwamba kifaa chake kimeharibiwa na hitilafu ya laini ya umeme, aanze kuwasilisha malalamiko kwa mtoa huduma, na asiporidhika apeleke shauri lake kwa EWURA, mamlaka ya udhibiti iliyoanza kazi mwaka 2006. Ili malalamiko yawe na uzito, aandike tarehe na saa ya tukio, aorodheshe vifaa vilivyoharibika na atunze stakabadhi za matengenezo.

Gharama ya dayodi, varista na kapasita chache haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mashine moja mpya, sembuse hasara ya siku nzima ya biashara mpakani. Betri itaendelea kuwa rafiki wa mfanyabiashara wa Tunduma kila taa zinapozimika. Lakini rafiki huyo naye anahitaji walinzi wa kusimama mlangoni, na walinzi hao wawekwe mvua za Novemba zikiwa bado hazijafika.